Tulikupakia Mlangoni

Wafula ndugu yangu,

Kabla hujaanza kunigombeza, nisikilize. Najua ulivyo. Najua huko uliko umekaa na hasira zako, unasema Mama Wani nilimfundisha kupanga mzigo mwaka baada ya mwaka, halafu siku ya kunipanga mimi mwenyewe akapanga kama mtu ambaye hajawahi kuona trela. Ni kweli, nilikosea. Lakini nataka nikuambie jinsi kosa lenyewe lilivyokuwa, maana hakuna mwingine ambaye angelielewa kama wewe.

Naandika kwa Kiswahili chetu, kile nilichokitoa Kitale ukimbizini na wewe ukakitoa kwenu Bungoma. Siku ile ya kwanza uliposhuka kwenye lori lako hapa Gudele ukasalimia kwa Kiarabu cha Juba kibovu kabisa, nikakujibu, "Sema tu Kiswahili, kaka, usijiumize," ulicheka mpaka ukashika ubavu. Nchi ilikuwa inangoja uhuru wake. Boksi la trela lako lilijaa viti vya plastiki, watu wavikalie kwenye sherehe. Kila mtu mjini alitaka kiti, na wewe ukawa mtu mkubwa kwa wiki nzima kwa sababu ya viti.

Tulilipenda lile trela lako. Wengine walikuwa na maturubai yanayopigwa na mvua, yanayochanwa na wezi usiku wakati gari linapanda mlima polepole. Lako lilikuwa limefungwa pande zote, bati juu, bati pembeni, milango miwili nyuma na sili ya forodha. Sisi wanawake wenye biashara ndogo hatukuwa na uwezo wa kujaza trela peke yetu, kwa hiyo tulichangia. Huyu mitumba yake, huyu mabeseni yake, mimi sabuni na unga wangu. Na wewe ulisimama mlangoni kule Kampala na ule mkaa wako wa kuandikia, ukapaza sauti: "Nani anashuka wa mwisho? Huyo aingie wa kwanza!" Anayeshukia mbali anakwenda ndani kabisa, kwenye ukuta wa mbele. Anayeshuka karibu anakaa mlangoni. Mtu akibishana ulikuwa unavua kofia, unaiweka chini, unasema basi panga wewe nikuone. Nani alithubutu?

Mimi ndiye niliyeshika haraka. Ukaanza kuniachia mlango, ukienda kula. Uliwaambia madereva wenzako kwamba kuna mama huko Juba anayepanga boksi kuliko wanaume wa Malaba. Sikukuambia wakati ule, lakini maneno hayo niliyabeba moyoni kama msichana aliyesifiwa shuleni.

Sasa nikuambie habari ya kifo chako, kwa sababu wewe huenda hukukiona vizuri.

Ulikuwa umetushushia mzigo, boksi tupu, unangoja asubuhi uondoke. Ilikuwa mkesha wa siku ya uhuru, nchi inatimiza miaka mitano. Bunduki zikaanza. Tulidhani ni mambo ya saa moja kisha khalas. Haikuisha. Siku yenyewe ya uhuru ilipita sisi tukiwa tumelala sakafuni chini ya vitanda, bila bendera, bila wimbo, na mizinga inapita juu ya paa. Kwenye yadi ya malori mlikuwa madereva kadhaa, mmejificha nyuma ya matairi. Opio, yule dereva mwenzako wa kabila la Walango kutoka Uganda, ndiye aliyenisimulia. Alisema waporaji walianza kuzunguka, na wewe ukasema utatoka ufungue milango ya boksi, waone ndani hakuna kitu, wasije wakalitoboa kwa risasi kutafuta mali. Wote wakakukataza. Ukatoka. Ukafungua mlango wa kwanza. Ulikuwa na mkono kwenye mlango wa pili.

Boksi tupu, Wafula! Bati la tajiri wako mwenye gari! Lingetobolewa, basi, bati hutobolewa na hushonwa. Wewe nani angekushona? Nimekasirika na wewe mpaka leo. Nikiwa napika, nikiwa kanisani, hasira inanijia tu, naanza kubishana na wewe kwa sauti na watu wanageuka. Halafu nalia.

Bunduki ziliponyamaza nilikuja yadini na Opio akanipa simu yako. Ilikuwa inalia. Kwenye kioo imeandikwa "Mama." Nilisimama nayo mkononi. Ikakatika, ikalia tena. Nikapokea, nikasikia sauti ya mzee anayesema Kibukusu, anasema jina lako, anasema tena na tena, na mimi sina neno hata moja la lugha ile. Nikasema, "Mama, pole." Hilo tu. Akaacha kutaja jina lako. Nafikiri alielewa hapo hapo. Kisha ndugu yako mkubwa akachukua simu.

Simlaumu ndugu yako, ujue hilo. Alikuwa ametazama habari, ameona moshi wa Juba, ameambiwa barabara imefungwa. Aliniuliza kama mwili unaweza kufika. Nikasema sijui. Kesho yake akapiga tena. Akasema hawawezi kukaa na msiba usio na mwisho, mama yenu hali chakula. Wazee walikuwa wamekaa na kuamua: ukiwa hujafika kufikia Jumamosi, watakata shina la mgomba, walivishe koti lako, walizike mahali pako kwenye boma la baba yenu. Alinieleza polepole, kwa heshima, kama mtu anayemweleza mgeni. Kaburi likishafungwa na mgomba ndani, limefungwa. Hata ukija baadaye, hutaingia tena pale. Utatafutiwa mahali pengine, huko nje. Mzee mzima wa watu uzikwe nje kwa sababu mgomba umelala kitandani kwako!

Nikamwambia, "Kaka, usikate huo mgomba."

Tajiri wako wa Eldoret sikumtegemea, lakini niseme ukweli, alikubali mara moja. Akasema rudisheni mtu wangu na gari langu, na wenye mizigo yao wapakie. Opio akasema ataliendesha, maana lori lake lilikuwa limepigwa risasi kwenye injini. Na tukasikia kuna msafara wa kuondoa watu, wenye ulinzi wa jeshi, unatoka asubuhi ya Alhamisi kwenda Nimule. Usipoingia kwenye msafara huo, hakuna mwingine unaojulikana.

Sasa hapa ndipo pa kosa. Unawakumbuka wenzangu watatu. Rose, wa kabila la Wakuku, aliyelelewa Uganda kama mimi nilivyolelewa Kenya, yeye alikuwa anarudi kwenye kambi ya wakimbizi kule kule alikotoka, angeshukia mpakani Elegu. Mama Night wa mitumba, kwao Gulu. Na Nambozo wa mabeseni, kwao Mbale. Mimi nilikuwa na begi moja tu, naelekea Kitale kwa dada yangu aliyekuwa anamlea Wani wangu. Tulianza kupakia alfajiri, watu wanakimbia barabarani na magodoro kichwani, Opio anapiga honi. Nyumba ya Rose ilikuwa karibu na yadi, basi vitu vya Rose vikaingia kwanza. Kisha vya Mama Night. Kisha vya Nambozo. Ndipo tukaenda mochari kukuchukua. Jeneza lilikuwa la mbao mbichi, fundi aliligonga kwa haraka, linanuka utomvu. Tukaliinua, tukaliweka pale palipobaki. Mlangoni.

Sikuona. Nakuapia. Nilifunga mlango kwa mikono hii, nikaenda kukaa mbele na Opio na Nambozo, Rose na Mama Night wakapanda basi la msafara, na njia nzima mpaka Nimule nilikuwa natazama majani ya pembeni kama kuna mtu mwenye bunduki ndani yake. Tulipita malori yaliyochomwa. Opio alikuwa anataja wenyewe kwa majina, huyu fulani, huyu fulani, mpaka nikamwomba anyamaze.

Tulipovuka kuingia Elegu jua lilikuwa linashuka. Tukafungua boksi ili Rose achukue vitu vyake. Nikasimama pale nikatazama. Wafula, nilitaka ardhi inimeze. Wa kwanza kushuka yuko ndani kabisa, kwenye ukuta. Wa mwisho kushuka, wewe, uko mlangoni. Kila kitu kimegeuzwa, kichwa chini miguu juu. Tusingepata kijiko cha Rose bila kukushusha wewe kwanza.

Tukakushusha. Tukakuweka kwenye vumbi, kando ya barabara, juu ya gunia. Na wakati tunashusha mabeseni ya Nambozo, yule mama wa chai akaja. Unamjua, yule uliyemwambia kila safari kwamba chai yake ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Aliona lori lako la buluu. Alikuja na kile kikombe chako kikubwa cha bati, kimejaa, anatembea kwa uangalifu isimwagike, anapiga kelele tokea huko: "Leo nimeweka majani ya kutosha, mzee, leo huna la kusema!" Akazunguka gari. Akaona jeneza. Akatutazama mmoja mmoja usoni, anatafuta kama wewe uko kati yetu.

Hakupiga ukunga. Alikaa chini kando yako na kikombe mkononi. Wakaja wenzake, wauza mayai, wabadilisha pesa, hata askari mmoja wa forodha ambaye mlikuwa mnagombana naye juu ya sili. Yule askari alivua kofia. Rose akaacha vitu vyake vimezagaa akaanzisha wimbo wa kanisani kwa Kikuku, na waliokuwa wanaujua wakaupokea. Sisi tuliotoka Juba hatukuwa tumelia bado. Juba hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulia, ulikuwa unainama tu. Pale Elegu ndipo tulipolia.

Tulipomaliza, Opio akasema, "Mama Wani, sasa hii mzee tuweke yeye mbele kabisa, kwa ukuta, ndiyo sawa. Tusisumbue yeye tena njiani." Alikuwa na haki. Boksi lilikuwa tupu, ilikuwa nafasi ya kupanga kama ulivyotufundisha: wewe kwanza, Nambozo, halafu Mama Night. Tungeokoa saa nyingi. Na ndugu yako alikuwa ameshapiga simu, anasema wazee wamechagua mgomba.

Nikasema, "Hapana. Aende mlangoni."

Opio alinitazama kama nimepagawa. Nambozo akasema, Mama Wani, Jumamosi. Nilijua ni Jumamosi! Lakini nilimwona yule mama wa chai bado amekaa pale, na nikafikiria kwamba kama tungekupanga vizuri, angekuja na kikombe chake na tungemwambia tu kwa mdomo, halafu tungeondoka. Umepita barabara hii miaka yako yote. Watu wako wako hapa barabarani. Nikasema kila tutakaposimama, atashuka. Kosa la kwanza lilikuwa bahati mbaya. La pili nililifanya macho wazi, na kama tungechelewa lingekuwa langu peke yangu.

Gulu tulifika Ijumaa mchana. Dada zake Mama Night walikuwa wanangoja vitu karibu na pale pa yule fundi wako wa pancha. Tulipokushusha, yule fundi alizima mashine yake ya upepo. Mashine ile hailali, unaijua, haisikii mtu. Akaja na vijana wake, mikono yote mafuta, hawakujua wakushike wapi wasikuchafue, mwishowe wakashika tu. Mmoja aliniambia ulimnunulia viatu vya shule mwaka alioacha shule, ukamtukana sana huku unamnunulia. Mimi sikujua habari hiyo. Nilikuwa nadhani nakujua.

Mbale ndipo nilipotaka kujipiga makofi. Ijumaa jioni, mvua kubwa, na baba yake Nambozo akataka kukuombea. Mzee wa kilokole, Wafula. Alianzia kwenye uumbaji. Jeneza liko kwenye baraza lao, mabeseni yamezagaa kwenye matope, Opio anazunguka gari anapiga matairi mateke. Simu ikalia, ndugu yako: mgomba umekatwa. Umevishwa koti. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. Nikamwambia tuko Mbale, kaka, Mbale! Akasema, "Mama, umekuwa ukisema mko karibu tangu jana." Nikarudi barazani, yule mzee bado yuko kwa Musa. Nikafikiri, mjinga mimi, nimemfanyia Wafula maonyesho ya barabarani na sasa atazikwa nje ya boma la baba yake. Nilimwendea mama yake Nambozo nikamwambia ukweli. Akaingia katikati ya watu, akasema "Amina" kwa sauti kubwa, na kila mtu akaitikia, na mzee ikabidi afumbue macho. Mungu amzidishie yule mama.

Malaba tulikuta foleni unayoijua. Malori mpaka macho yanachoka. Jumamosi, asubuhi, jua linapanda. Opio akashuka akatembea mbele kwa miguu, akawa anaongea kwenye dirisha baada ya dirisha. Sijui aliwaambia nini. Nikaona lori la kwanza limewasha injini likasogea pembeni, kisha la pili. Madereva walikuwa wanashuka wanasimama kando ya milango yao tukipita. Wengine uliwajua, wengi hawakukujua. Watu wanaopigania nafasi ya tairi moja pale foleni, unawaelewa! Sikuweza kuwatazama.

Kwenu tulisikia kuimba kabla hatujaona nyumba. Opio akalala kwenye honi. Aliibonyeza tangu barabara kuu mpaka getini, ng'ombe wakakimbia. Watu wote waligeuka. Kaburi lilikuwa wazi, mhubiri amefungua kitabu, na kando ya shimo kwenye mbao mbili umelala mgomba, umevaa koti lako la kahawia, vifungo vyote vimefungwa. Nikacheka, Wafula. Nisamehe. Nilicheka kwa sauti, machozi yananitoka, sikuweza kujizuia. Ulikuwa umenenepa kidogo.

Mama yako alikuwa amekaa ameligeuzia lile shimo mgongo. Alikuwa amekataa kulitazama tangu asubuhi. Alisimama mwenyewe, akaja, akaweka kiganja kwenye ile milango ya boksi kabla hatujaifungua. Tulipofungua ukawa pale pale, karibu, hatukuhitaji kusogeza chochote. Vijana wa kwenu wakakupokea. Yeye akanishika mkono akasema kitu, na ndugu yako akatafsiri: "Anauliza, ni nani waliomlilia?"

Basi nikamwambia. Nilianza na mama wa chai. Nikaenda kwa Rose na wimbo wake, askari wa sili, fundi wa pancha na vijana wake, yule wa viatu, mzee wa Mbale na sala yake, madereva wa Malaba. Kila niliposimama alinivuta mkono niendelee. Mhubiri alingoja, wazee walingoja. Nilipomaliza akasema maneno machache, na ndugu yako ilimbidi ageuke pembeni kwanza ndipo atafsiri. "Anasema alidhani mwanawe amefia ugenini."

Ulizikwa ndani ya boma, kando ya baba yako. Mgomba waliuvua koti, wakawakatia ng'ombe.

Mimi nimerudi Juba. Usiniulize kwa nini, duka langu liko hapa na mimi ni mtu wa hapa. Wani nimemwacha Kitale amalize shule. Vita vimehamia barabarani sasa, malori yanakwenda kwa misafara na bado mengine hayafiki. Unga umepanda mpaka watu wananunua kwa kikombe. Rose yuko kambini, amenitumia salamu, analima mboga. Boksi la buluu linaendeshwa na Opio, anapanga vibaya, namgombeza kwa maneno yako yale yale na kofia naweka chini.

Kuna jambo moja tu nililolianza jipya. Kila dereva anayeingia yadini kwetu, Mganda, Mkenya, Msomali, yeyote, kabla hajashusha mzigo namuuliza kwao ni wapi, kijiji gani, na mama yake anaitwa nani. Wewe sikuwahi kukuuliza, miaka yote ile. Kama simu yako isingelia siku ile, ningekuzika hapa Gudele bila kujua nimwambie nani. Wanacheka mwanzoni. Juzi mmoja, kijana wa Mbarara, akaniuliza jina la mama yake linahusiana vipi na sabuni. Nikamwambia ataje tu. Akataja, na sauti yake ikabadilika kidogo, na akakaa chini kunywa maji.

Kwaheri, ndugu yangu. Lala kwenu. Hao wengine nakuahidi, yeyote atakayeangukia mikononi mwangu, hata barabara iweje, nitamfikisha kwa mama yake.

Mama Wani
Gudele, Juba